Kusokota Twisti Nyumbani kwa Rasta: Mwongozo Kamili

Chukua nyuzi mbili za katani. Viringisha kila uzi peke yake kuelekea kulia mpaka uanze kujikunja, kisha zipishanishe zote mbili kuelekea kushoto. Ukiziachia, hazifunguki. Kila uzi unataka kujifungua kuelekea kushoto, huku ule mpishano ukitaka kujifungua kuelekea kulia, basi vinazuiana na kamba inabaki imara. Twisti ya nywele, yaani mafungu mawili ya nywele yaliyosokotwa pamoja, hushika kwa njia hiyohiyo. Hata lugha yetu inalijua hilo: kamba husokotwa, na nywele husokotwa.

Nimeanza na kamba kwa sababu makosa mengi ninayoyaona kwenye twisti za nyumbani, na za saluni pia, yanatokana na imani kwamba msuko hushika kwa kuvutwa. Atakaye uzuri hudhurika, walisema wahenga, nami niliambiwa hivyo nikiwa nimeinamisha kichwa katika saluni moja ya Kampala. Nilimwambia msusi, "Dada, pale mbele panauma." Akanijibu kwa upole, "Vumilia kidogo, nyabo, kesho italegea." Usiku ule sikulala. Nilipofumua baada ya mwezi, nywele za ukingo wa kushoto, juu ya sikio, zilitoka pamoja na rasta, yaani zile nywele za bandia, na zilichukua zaidi ya mwaka kurudi. Tangu hapo nasokota mwenyewe, nawasokota wadogo zangu na majirani, na sharti langu ni moja: twisti inayouma inafumuliwa papo hapo.

Wengi wetu hapa Uganda tunaanza kujifunza nywele tukiwa watu wazima. Shule nyingi humtaka msichana anyoe hadi amalize, kwa hiyo likizo ndefu baada ya S.6, mwaka wa mwisho wa sekondari, ndiyo mara ya kwanza kwa kichwa kuachwa kiote. Ukijikuta una miaka 20 na hujui kupasua njia iliyonyooka, hakuna cha kuonea haya. Hukupata nafasi ya kujifunza. Mikono huzoea ndani ya vichwa viwili au vitatu.

Tazama kichwa kwanza

Simama kwenye mwanga wa dirisha, rudisha nywele nyuma, uangalie ukingo wote kuanzia sikio hadi sikio, kisha kisogoni. Pakiwa na vipele, kidonda, au sehemu iliyoanza kung'aa kwa kukosa nywele, usisuke. Magamba ya duara yenye nywele zilizokatika huenda ni mapunye, na mapunye ya kichwani hutibiwa kwa vidonge unavyoandikiwa kituo cha afya. Dawa ya kupaka peke yake haifiki ndani ya kinyweleo. Ukisuka juu yake unayafungia ndani, na kitana chako kitampelekea mwingine.

Kama umetia dawa ya kunyoosha nywele, ipe ngozi wiki mbili angalau kabla ya kubeba uzito wowote. Mama aliyejifungua karibuni naye aende polepole. Nywele nyingi hupukutika miezi michache baada ya kuzaa, na hilo ni jambo la kawaida la mwili, lakini twisti nzito za kufika kiunoni si za kipindi hicho. Urefu wa nywele zako uwe walau sentimita 5. Chini ya hapo mzizi hauna cha kushikilia, na msusi atalazimika kuvuta.

Rasta gani, pakiti ngapi

Neno rasta nalitumia kama tunavyolitumia sokoni, kwa nywele zote za bandia za kusukia. Kuna rasta laini zinazong'aa, nyingi zikiwa za uzi wa Kanekalon wa kampuni ya Kijapani au zinazouiga. Hizo ndizo za twisti nyororo zinazoitwa za Kisenegali. Na kuna rasta kavu yenye mikunjo midogo, iitwayo Marley, inayofanana na nywele zetu za kipilipili zilizovutwa kidogo. Kwa kichwa cha kwanza ningekushauri Marley. Haitelezi mkononi, inashikana na nywele zako bila kulazimishwa, na kosa dogo halionekani. Rasta laini inapendeza sana, lakini huonyesha kila njia iliyopinda na kila fungu lililozidi lenzake.

Soma pakiti kabla ya kulipa. Urefu huandikwa kwa inchi, na wanunuzi wengi huchanganyikiwa hapo: fungu la inchi 48 likikunjwa katikati linatoa twisti ya inchi 24. Uliza kama urefu ulioandikwa ni wa nywele zilizokunjwa au zilizonyooshwa. Rangi nayo huenda kwa namba. Namba 1 ni nyeusi tii, 1B ni nyeusi iliyopoa kidogo na ndiyo inayokaribiana na nywele za wengi wetu, 2 na 4 ni za kahawia, 33 ni kahawia yenye wekundu. Toa uzi mmoja dukani, uuweke juu ya nywele zako nje ya mlango, kwenye jua, maana taa za duka hudanganya.

Kwa twisti za unene wa wastani zinazofika chini ya mabega, pakiti 5 hadi 7 hutosha. Nunua moja ya ziada ya namba ileile siku ileile, kwa sababu pakiti za shehena tofauti hupishana rangi hata kama namba ni moja, na mwulize muuzaji kama ataipokea isipofunguliwa. Ukienda Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, nenda na jirani. Kule bei nzuri ni ya jumla na mtagawana.

Vifaa vingine ni vya kawaida: kitana cha mkia chembamba, chanuo la meno mapana, vibanio sita, jeli, mafuta, chupa ya kupulizia maji, mkasi, taulo kuukuu na vioo viwili.

Kuosha na kunyoosha

Osha siku moja kabla. Shampuu mara mbili, ya pili ukisugua ngozi kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Paka kondishena, gawa kichwa mafungu manne, uchane kila fungu kuanzia nchani ukipanda kuelekea mzizi. Ukianza mzizini unasukuma mafundo yote yakutane chini, na hapo nywele hukatika.

Kisha zikauke kabisa. Nywele mbichi ni ndefu kuliko zilizokauka, kwa hiyo ukizisokota na unyevu zitajivuta ndani ya twisti baadaye na kukaza mzizi bila wewe kujua. Tena unyevu uliofungiwa ndani ya rasta hutoa harufu ya kuvunda ambayo hakuna manukato yatakayoifunika.

Kuzinyoosha, wengi hukimbilia mashine ya moto. Mimi natumia uzi, kama mama zetu. Zikiwa zimekaribia kukauka, gawa nywele mafungu 12 hivi, funga uzi mweusi kwenye kila fungu, uuzungushe kwa kubananisha kutoka mzizini hadi nchani, uache mzizi ukiwa umelegea. Lala nazo. Asubuhi ukizifungua zimenyooka, hazina harufu ya kuungua, na hukutegemea umeme.

Mafuta yawe kidogo. Sisi wa kaskazini tuna bahati ya mshea. Waacholi mafuta yake wanayaita moo yaa. Shea ya kwetu ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, huyeyuka kiganjani mara moja, kwa hiyo kiasi cha harage moja hutosha nusu ya kichwa. Ukizidisha, rasta itateleza na mzizi hautashika.

Loweka rasta, kisha uigawe

Rasta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kitu kilichopakwa juu, na ngozi za watu wengi huwashwa nacho hadi kujikuna kwa kalamu mikutanoni. Weka maji lita 5 kwenye beseni, kikombe kimoja cha siki, uzamishe rasta ikiwa bado imefungwa kwa mpira wake. Baada ya nusu saa utaona maji yamepauka, pengine na utando mweupe juu. Suuza kwa maji safi mara mbili, usikamue kwa kusokota, itundike kivulini penye upepo mpaka ikauke.

Usiruke hatua hii hata kama ngozi yako haiwashwi. Mwaka 2025 Consumer Reports, shirika la Marekani linalopima bidhaa, ilipima rasta za aina 10 zinazouzwa sana kule, ikakuta kemikali zinazohusishwa na saratani katika zote, na madini ya risasi katika 9. Kuloweka hakuondoi kila kitu. Lakini rasta iliyosuuzwa na kupigwa na upepo ni afadhali kuliko iliyotoka kwenye mfuko wa plastiki moja kwa moja hadi kwenye ngozi, na kwa sababu hiyohiyo fanya kazi hii mlangoni au barazani, usijifungie chumbani. Mtoto asiachwe aitie mdomoni.

Ikikauka, kama haijachongwa ncha kiwandani, ichonge mwenyewe: shika fungu katikati, vuta nyuzi chache kwa kila upande ili ncha zipishane na zisiishie zote mahali pamoja. Ncha iliyokatwa sawa kama ufagio haimaliziki vizuri.

Halafu gawa vipande vyote kabla hujagusa kichwa. Tengeneza kipande kimoja unachokipenda, kiweke kwenye paja kama kipimo, na kila kipande kipya ukilinganishe nacho kwa kukibana kati ya vidole. Mimi hulaza vipande 10 pamoja, nikavikalia kidogo chini ya paja ili nivute kimoja kimoja bila kuvuruga vingine. Vipande vya ukingo wa mbele vigawe peke yake, viwe nusu ya unene wa vingine.

Kupasua njia

Gawa kichwa mafungu manne kwa mkia wa kitana: kutoka katikati ya paji la uso hadi kisogoni, na kutoka sikio hadi sikio. Bana matatu, anza na moja la nyuma, chini kabisa kisogoni. Huko nyuma mikono inapata mazoezi mahali ambapo makosa hayaonekani.

Njia za twisti ni viboksi vya kila twisti peke yake; mistari inayolala kichwani, ile ambayo Kampala wanaiita biswahili, ni habari nyingine. Kwa unene wa wastani boksi liwe na upana wa kidole gumba, sentimita 2 hivi kila upande. Safu ya juu usiipange boksi juu ya boksi, ipange kama fundi anavyopanga matofali, boksi likae juu ya mpaka wa mawili ya chini. Ukifanya hivyo ngozi haionekani kama barabara nyeupe kutoka utosini hadi kisogoni. Kichwa changu hutoa twisti 70 hivi.

Mbele, zile nywele laini kabisa za ukingoni, mfano wa za mtoto mchanga, ziache nje. Zisiingie kwenye boksi lolote. Msusi anayetaka kazi yake ionekane safi atajaribiwa kuzikusanya kwa jeli na kuzisuka zote, na hizo ndizo za kwanza kunyonyoka.

Mzizi

Hapa usiharakishe. Chana fungu la boksi hadi mwisho, paka jeli ya ukubwa wa punje ya mchele kwenye mzizi. Chukua kipande cha rasta, kikunje katikati, sasa kina miguu miwili. Weka pale kilipokunjika juu ya mzizi, mguu mmoja kulia, mwingine kushoto, nywele zako katikati. Suka msuko wa kawaida wa mafungu matatu: wa kulia juu ya wa katikati, wa kushoto juu ya wa katikati. Mara tatu au nne tu.

Vidole viwe chini, karibu vinagusa ngozi. Mkono ukikaa mbali na kichwa, msuko unaanzia mbali, nawe unalazimika kuvuta ili uupandishe. Ukishusha vidole hadi kwenye ngozi, msuko unaanzia pale ulipo na hakuna cha kuvuta. Nenda taratibu kwenye boksi la kwanza hadi uone tofauti hii kwa macho yako.

Baada ya hizo raundi tatu nne, tafuta zilipo nywele zako, zigawe nusu kwa nusu, nusu iungane na mguu mmoja wa rasta na nusu na mwingine. Kuna wanaoanza kwa kufunga mpira mdogo kwenye mzizi badala ya kusuka. Ni haraka, ila ule mpira hukaza kadiri siku zinavyokwenda na hukata nywele siku ya kufumua, kwa hiyo mimi siutumii kabisa.

Sasa pima. Inua twisti kwa vidole viwili bila kuivuta, utazame ngozi kwenye boksi. Ikibaki imelala, umefanya vizuri. Ikiinuka kama hema dogo kuzunguka kila unywele, au ukiona vijidutu vyeupe, imekazwa mno; ifumue, haichukui dakika mbili. Nywele zinazovutwa hivyo kwa muda mrefu hunyonyoka, mwanzoni hurudi, lakini mvuto ukiendelea miaka na miaka kinyweleo hugeuka kovu na hakioti tena. Wengine hudhani ni udhaifu wa nywele za Mwafrika. Tatizo hili lilielezwa na madaktari tangu mwaka 1907, na wagonjwa walikuwa wanawake wa Greenland waliofunga nywele zao mkia kwa kukaza sana. Kosa liko kwenye mvuto.

Msokoto wenyewe

Shika mguu mmoja kila mkono. Kwa kidole gumba na cha shahada viringisha kila mguu kuelekea kulia, mara tatu au nne, hadi uhisi umekakamaa. Pitisha wa kulia juu ya wa kushoto. Viringisha tena yote miwili kulia, pitisha tena wa kulia juu. Endelea hivyo. Anayetumia mkono wa kushoto anaweza kugeuza kila kitu, mradi kuviringisha na kupishanisha kuende pande mbili tofauti.

Ukifika sentimita 10, achia. Ikitulia, mikono yako iko sawa. Ikianza kujizungusha na kufunguka, umeviringisha na kupishanisha upande mmoja. Twisti za kwanza nilizomsokota mdogo wangu zilikuwa hivyo. Jumamosi usiku zilipendeza, Jumapili misa haijaisha zilikuwa zimefunguka hadi nusu, na msichana wa watu akafunga kitambaa wiki nzima bila kulalamika. Ndiyo maana sasa namwambia kila anayejifunza kwangu aachie kila twisti mara moja njiani, aitazame.

Kamba hukatika pembamba. Kwenye twisti, pembamba ni pale nywele zako zinapoishia na kubaki rasta tupu. Sentimita mbili tatu kabla ya kufika hapo, ongeza uzi mwembamba wa rasta kwenye kila mguu, uuviringishe pamoja na zile za zamani. Unene unaendelea sawasawa na ncha za nywele zako hazichomozi kama miiba.

Miguu miwili iwe sawa kila wakati. Mmoja ukizidi, twisti inaonekana kama mzabibu uliopanda mti. Hamisha nyuzi chache kutoka mnene kwenda mwembamba kabla hujafika mbali.

Anayejisokota mwenyewe asitegemee sana kioo kwa nyuma, maana kioo hugeuza kulia na kushoto na mikono huchanganyikiwa. Fumba macho, fuata vidole. Kioo cha pili kitumie kukagua njia tu. Na mikono ikianza kuwaka moto, ishushe, kunywa chai. Kichwa cha kwanza hula saa 8 hadi 10, sioni sababu ya kukimaliza siku moja. Sokota nyuma Ijumaa jioni, funga kitambaa, malizia mbele Jumamosi ukiwa na macho mapya, kwa sababu uchovu humalizikia kwenye ukingo wa mbele, pale panapohitaji mkono mwepesi kuliko pote.

Kwa anayepanda boda: kabla hujachagua unene, fikiria kofia ngumu. Twisti nene zikirundikana utosini kofia haiingii, na abiria anaishika mkononi badala ya kuivaa. Sokota zile za utosini ziwe nyembamba kidogo na zielekee chini, sio juu, halafu vaa kitambaa chepesi ndani ya kofia.

Ncha na maji ya moto

Marley haihitaji maji ya moto. Sokota hadi nyuzi zikuishie vidoleni, zungusha ncha kwenye kidole, itajishika. Rasta laini ndiyo inayotaka maji, kwa sababu joto huilegeza na ikipoa inabaki katika umbo ililokuwa nalo. Usitumie kiberiti. Ncha iliyoyeyushwa kwa moto inakuwa gamba gumu linalokwaruza shingo na kukwama kwenye nguo, na nywele zako zikiwa karibu zinaungua nazo.

Chemsha maji, yaondoe jikoni, uyamimine kwenye jagi refu zito lililowekwa mezani. Weka taulo mabegani na watoto wawe mbali. Kusanya twisti kiasi cha mkono mmoja, zitumbukize robo ya chini tu, hesabu hadi kumi, ziinue, uzikamue kwa taulo jingine kavu. Mtu mwingine akufanyie za nyuma. Usimwagie maji kamwe juu ya twisti zilizoning'inia mgongoni. Rasta hufyonza maji yanayochemka na kuyashikilia kwenye ngozi, na majeraha yake ni mabaya. Ukitaka ncha za mawimbi, zizungushe kwenye mirija ya soda kabla ya kutumbukiza, uzifungue zikipoa kabisa.

Nyuzi zinazochomoza punguza kwa mkasi ukiwa umeulaza sambamba na twisti. Ukiusimamisha utakata twisti yenyewe.

Wiki zinazofuata

Usiku wa kwanza ndio unaokuambia ukweli. Kichwa kikivuta kiasi cha kukukosesha usingizi, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Fumua zile zinazouma, kwa kawaida hazizidi tano sita za mbele. Vipele vidogo vyenye usaha mzizini ni onyo hilohilo, na visipopoa ndani ya siku chache baada ya kulegeza, nenda kliniki.

Kwa wiki mbili za mwanzo usizifunge juu. Lala na kitambaa cha satini, pamba hunyonya mafuta na kufumua nyuzi. Kila siku mbili tatu pulizia maji kidogo kwenye ngozi, ukipaka shea kwa ncha ya kidole katikati ya njia, sio juu ya rasta. Baada ya wiki mbili osha ngozi: shampuu kijiko kimoja kwenye chupa ya maji, nyunyiza kwenye njia, papasa kwa vidole, suuza. Twisti zilizolowa ni nzito mno, kwa hiyo zibebe kwa mkono wakati wa kusuuza zisining'inie, uzikamue kwa taulo. Kwenye majira ya mvua, osha asubuhi ya siku yenye jua. Ukiosha jioni utalala na kichwa kibichi.

Kufumua

Wiki 6 zatosha, 8 ndiyo mwisho. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, na kadiri mzizi mpya unavyorefuka ndivyo twisti nzima inavyobembea kwenye nywele chache na kujisokota juu ya sehemu mpya. Kama mbele pamechakaa na nyuma bado pazuri, fumua safu mbili za mbele tu uzisokote upya, mara moja, usirudie.

Kabla ya kushika mkasi, papasa twisti hadi uhisi nywele zako zinapoishia. Hapo pana wembamba kidogo. Shuka vidole vinne chini ya hapo ndipo ukate. Fanya hivyo kwa kila twisti, kwa sababu nywele za utosini na za kisogoni hazilingani urefu. Zungusha twisti kinyume, ikifika kwenye ule msuko wa mzizi fungua kwa mkia wa kitana, usivute.

Mzizini utakuta kijitaka cha kijivu: jasho, vumbi na mafuta vilivyokusanyika pale nywele zilipotoka kwenye ngozi. Kitoe kikiwa kikavu, kwa vidole na mafuta kidogo, fungu moja baada ya jingine. Maji yakikigusa kabla hakijatoka hugeuka fundo ambalo halifunguki ila kwa mkasi, na watu wengi hupoteza nywele nzuri siku hii, baada ya kuzitunza wiki zote.

Usiogope lundo utakaloliona sakafuni. Mtu hupukutisha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na kwa wiki 6 zote zilikuwa zimefungiwa ndani ya twisti, kwa hiyo nywele 2,000 hadi 4,000 zikitoka kwa pamoja ni hesabu ya kawaida. Zitazame kwa karibu: zilizopukutika zenyewe zina kijivimbe cheupe upande mmoja na ni ndefu. Vipande vifupi visivyo na kijivimbe ni nywele zilizokatika, na vikiwa vingi rudi nyuma ufikirie kitana, mafuta, au muda uliozidisha. Osha, paka kondishena, uache kichwa kipumzike wiki mbili kabla ya kutoa rasta nyingine kwenye pakiti.